Haradali Dodoma: dalili za shambani, dalili za kwenye mizani, na mahali pa kutafuta chanzo

Mkulima wa mtama amezoea mmea wenye subira. Moyo wa mtama hukaa chini ya udongo wiki za mwanzo, hivyo mche ukiliwa majani huchipua tena. Haradali haiko hivyo. Moyo wake uko juu, katikati ya yale majani mawili ya kwanza. Ukiliwa siku ya tatu baada ya kuchomoza, mche umekwisha. Mwisho wa msimu nako ni vilevile: ganda likikaa juani siku mbili tatu kuliko inavyotakiwa, mbegu ziko chini.

Kwa hiyo dalili nyingi za haradali huonekana zikiwa zimechelewa. Unachokiona leo kilianza siku kumi au ishirini zilizopita, na dawa unayotaka kukimbilia dukani pengine haina kazi tena. Kwa kila dalili hapa chini, rudi nyuma hadi siku kosa lilipoanzia.

Kwanza ujue una haradali ipi. Ya kahawia (Brassica juncea), ambayo wauza viungo wengi huiita rai, ni ndogo, milimita 1.5 hadi 2. Huchukua takriban siku 90 hadi 110 na maganda yake hupasuka kirahisi. Ya njano au nyeupe (Sinapis alba) ni kubwa zaidi, hufikia milimita 2 hadi 3. Hukomaa mapema kwa wiki mbili hivi na maganda yake yenye manyoya hayapasuki haraka, ila inategemea sana nyuki. Zimefanana shambani zikiwa changa, lakini makosa yake na wanunuzi wake ni tofauti. Usizichanganye hata kwa kilo moja.

Mstari una mapengo siku ya saba

Haradali kwenye udongo wenye joto na unyevu huchomoza siku ya nne hadi ya saba. Kama siku ya nane una mapengo, usibashiri. Chukua kijiti, ufukue mstari urefu wa mita moja pale penye pengo, polepole, kina cha sentimita 5.

Ukikuta mbegu kavu, hazijavimba, ulipanda kwa mvua ya kudanganya. Mvua za mwanzo za Desemba huku Dodoma mara nyingi hulowesha juu tu, na jua la siku mbili linamaliza kila kitu. Subiri mvua iloweshe udongo hadi kina cha sentimita 15, yaani uchimbe kwa jembe na kukuta unyevu mpaka kiganja kizima kizame. Mbegu hizo bado nzima. Mvua nzuri ikija zitaota, usikimbilie kupanda juu yake.

Ukikuta mche mweupe uliojikunja kama ndoano chini ya udongo, una sababu mbili. Ama ulifukia mno, ama udongo umefanya gamba. Kina sahihi ni sentimita 2, kisizidi 2.5. Mbegu ya haradali ya kahawia, yenye uzito wa miligramu mbili au tatu, haina akiba ya chakula ya kupanda kutoka sentimita 5 kama mahindi.

Gamba ndilo adui mkubwa kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga chenye ufinyanzi kidogo. Mvua kubwa inapiga, jua linatoka saa nne, na ifikapo jioni uso wa shamba umekuwa kama chungu kisichochomwa. Bonyeza kwa kidole: kama unainuka kipande kizima, bapa, badala ya kuvunjika punje punje, hilo ni gamba, na una siku mbili au tatu tu za kuokoa miche. Kata tawi la mti lenye vijiti vingi, liburute juu ya shamba kwa mkono bila kuweka uzito, asubuhi udongo ukiwa na ubaridi wa umande. Lengo ni kupasua gamba bila kugeuza udongo. Utang'oa miche michache, si hasara. Msimu ujao tandaza mabua ya mtama au uwele kati ya mistari, na usilainishe shamba mpaka liwe unga. Mabonge ya ukubwa wa karanga hulinda uso usijifunge.

Ukikuta hakuna mbegu kabisa, angalia njia za sisimizi, halafu jiulize ulivyopanda. Mbegu ndogo hivi hudondoka kumi pamoja kisha pengo la nusu mita. Changanya kilo moja ya mbegu na kilo tano za mchanga mkavu uliochekechwa, umwage mchanganyiko huo kwenye mfereji mwepesi, ukikoroga ndoo kila baada ya mistari michache kwa sababu mbegu na mchanga hutengana njiani. Kiasi ni kilo 1.5 hadi 2 kwa ekari kwa haradali ya kahawia, kilo 3 hadi 4 kwa ya njano, mistari ikiachana sentimita 30. Punguzia miche siku ya 15 hadi 20, ibaki sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Wengi huona uchungu kung'oa miche mizuri, lakini msongamano kwenye mvua chache unatoa mashina membamba yanayolala na maganda mawili matatu.

Je, upande upya? Hesabu miche kwenye mita moja ya mstari, mahali kumi tofauti. Ikiwa wastani ni minne au zaidi na imesambaa, acha. Haradali hutoa matawi na kujaza nafasi. Chini ya hapo, na ikiwa bado ni nusu ya kwanza ya Januari, panda upya. Baada ya hapo mvua za Aprili hazitakutosha.

Yote haya yangeweza kuanza na jaribio la kuotesha: mbegu 100 juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunjwe, kikae kivulini. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikiwa 85, panda. Zikiwa 60, ongeza mbegu kwa theluthi moja au zaidi. Chini ya 50, tafuta mbegu nyingine.

Miche imeota vizuri kisha inakufa ikianzia kwenye kingo za majani

Hapa watu hulaumu ukame. Kabla ya hapo uliza lililofanyika kwenye shamba hilo mwaka jana. Kama palikuwa na mahindi na magugu yakapigwa kwa dawa yenye atrazini, mabaki yake hubaki kwenye udongo mkavu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu dawa huoza kwa msaada wa unyevu na vijidudu vya udongo, na miezi sita ya kiangazi Dodoma haina vyote viwili vya kutosha. Haradali ni jani pana. Hiyo dawa iliundwa kuua jamii yake. Mche hutokea ukiwa mzima, halafu majani yanakuwa ya njano pembezoni, yanakauka, na mabaka ya vifo hufuata mahali bomba lilipogeuka au mistari ilipopishana.

Hakuna tiba. Pima kabla: chukua udongo wa shamba hilo kwenye makopo matatu, na udongo wa mahali ambapo hapajapigwa dawa kwenye makopo mengine matatu. Panda haradali ishirini kila kopo, mwagilia wiki tatu. Tofauti utaiona kwa macho.

Kama mche umelala chini ukiwa umekatwa usawa wa udongo, hilo si suala la dawa ya magugu. Ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kando ya mche uliokatwa asubuhi, utamkuta amejikunja kama herufi C, kina cha sentimita mbili tatu.

Majani ya kwanza yana matundu madogo, kama yamepigwa risasi za pini

Vidudu vyeusi vinavyong'aa, vyenye urefu wa milimita mbili tatu, vinaruka kama viroboto ukisogeza mkono. Vinakuja siku za jua kali, na hatari yake ni wiki tatu za mwanzo tu. Mmea ukifika majani manne ya kweli unavishinda kwa kasi ya kukua.

Kipimo: tazama miche 20 sehemu mbalimbali, hasa pembezoni, maana huingilia huko. Ikiwa kwa wastani robo ya eneo la majani ya kwanza imekwisha liwa na vidudu bado vipo, piga. Chini ya hapo usipige. Dawa za jamii ya pairethroidi zinafanya kazi. Hakikisha chupa ina namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ufuate kipimo cha kibandiko chake. Piga pembezoni kwanza, upana wa mita 10, kabla ya kuamua shamba zima. Majivu makavu yaliyonyunyizwa asubuhi juu ya umande husaidia kwa siku chache. Mvua ikinyesha yameondoka.

Mabaka meupe kwenye majani, mioyo imekauka, mmea unatoa vichwa vingi

Huyu ni kunguni mwenye umbo la ngao, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe, mkubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Mtaalamu atamwita Bagrada. Kwa ukanda mkavu kama huu ndiye mdudu wa kuogopwa kuliko wote. Anaishi kwenye kabichi, sukuma, chainizi na figiri, na mvua zikikatika katikati ya Januari au Februari anahama kutoka bustani iliyokauka na kuja kwako.

Wengi hawamwoni kwa sababu wanakagua asubuhi, wakati amejificha chini ya mabonge na majani makavu. Nenda kati ya saa tano na saa tisa mchana. Utawakuta wawili wawili, wameungana mkia kwa mkia, wakitembea juu ya jani. Ananyonya utomvu, pale alipochoma panabaki baka jeupe lenye umbo la nyota, baadaye linakauka. Akichoma moyo wa mche, moyo unakufa na mmea unachipua vichwa vidogo vitatu vinne ambavyo havitoi mbegu ya maana.

Mayai yake mengi hutagwa kwenye udongo. Hii ndiyo sababu kupulizia majani mara moja hakutoshi, na ndiyo sababu palizi nyepesi ya jembe kati ya mistari, pamoja na kumwagilia kwa wenye maji, hupunguza kizazi kinachofuata. Ng'oa haradali na figiri zilizojiotea kando ya shamba wiki mbili kabla ya kupanda, zichome au zifukie. Ukilazimika kupiga dawa, piga mchana wanapokuwa juu ya mmea, kabla ya maua, na rudia kukagua baada ya siku saba.

Majani yanabadilika rangi

Swali la kwanza: ni majani ya chini au ya juu? Ya chini, ya zamani, yakiwa ya njano kwanza, mmea unakosa naitrojeni. Ya juu, machanga, yakiwa ya njano na yamekunjamana kama kijiko, zambarau kwa nyuma, na baadaye maua yakawa na rangi hafifu karibu na nyeupe, inakosekana salfa. Haradali inahitaji salfa kuliko nafaka. Ule ukali wake wenyewe umejengwa kwa salfa. Ndiyo maana kwa kukuzia ni busara kutumia SA (salfeti ya amonia) badala ya urea: ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP kwa ekari wakati wa kupanda, uwekwe sentimita 5 kando ya mbegu, kisha mfuko wa kilo 50 wa SA wiki ya tatu au ya nne udongo ukiwa na unyevu, unatosha kwa mvua za hapa. Mbolea ikigusana na mbegu ndogo hivi inaichoma, na utarudi kwenye dalili ya mapengo hapo juu.

Shina likiwa na uwazi ndani na nyufa za kahawia, na maua yakianguka bila kushika, shuku boroni. Hiyo usiitibu kwa kubahatisha, kwa sababu pengo kati ya kutosha na sumu ni dogo. Pima udongo kwanza.

Maua mengi, maganda matupu

Sababu tatu, kwa mpangilio wa uwezekano.

Joto na ukame wakati wa maua. Haradali ni zao la ubaridi. Mchana wa zaidi ya nyuzi 30 ukifululiza maua hukauka au hutoa ganda fupi lenye mbegu moja mbili. Tiba iko kwenye kalenda. Kwa mvua pekee, panda mwishoni mwa Desemba hadi wiki ya pili ya Januari: maua yatakuja Februari mwishoni, na maganda yatakauka Aprili mvua zikiondoka. Ukipanda mapema Desemba utavuna Machi kwenye mvua, na kila ugonjwa ulioandikwa hapa chini utakutembelea. Kwa wenye maji ya bwawa au kisima, kama kandokando ya Hombolo, Mei ni mwezi mzuri zaidi wa wote. Maua yanakutana na ubaridi wa Juni na Julai na mavuno yanakaushwa na upepo mkavu wa Agosti. Miinuko ya Kondoa ina nafasi pana kidogo kuliko tambarare za Bahi na Chamwino.

Nyuki. Haradali ya njano haijirutubishi vizuri yenyewe. Kama shamba lako liko mbali na pori na mizinga, mizinga miwili ya kukodi kwa ekari wakati wa maua italipa gharama yake, na mfugaji nyuki naye ananufaika. Kosa linalouma ni kupulizia dawa asubuhi shamba likiwa limechanua: unaua nyuki, halafu unashangaa maganda matupu mwezi unaofuata. Ikibidi, piga baada ya saa kumi na moja jioni.

Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta. Ni wa kijivu, wenye vumbi kama unga, wamejazana kwenye bua la maua. Kata vichwa vilivyovamiwa mapema na kuvifukia kabla hawajasambaa. Wakiwa na wadudu-kibibi wengi kati yao, ambao huwala, subiri siku tatu uangalie tena kabla ya kupiga chochote.

Malengelenge meupe na madoa yenye duara ndani ya duara

Malengelenge meupe chini ya jani, na bua la maua lililovimba na kupinda kama pembe, ni kutu nyeupe. Madoa meusi yenye duara ndani ya duara, yakifika hadi kwenye maganda, ni ugonjwa wa Alternaria, nao hutoa mbegu zilizosinyaa. Yote mawili hupenda majani yaliyolowa kwa muda mrefu, kwa hiyo shamba lililopandwa kwa wakati na kupunguziwa miche hupata kidogo. Usirudie haradali, kabichi, sukuma wala figiri mahali hapo kwa miaka mitatu. Weka uwele, mtama au karanga kati yake.

Umevuna kidogo kuliko ulichokiona shambani

Kilo 300 hadi 400 kwa ekari ni mavuno ya kuridhisha kwa mvua pekee. Kama shamba liliahidi hivyo na umepata 150, tazama chini ya mimea uliyokata. Zinazokosekana ziko pale.

Haradali ya kahawia hukatwa kabla haijakauka kabisa. Robo tatu ya maganda yakiwa ya njano inayoelekea kahawia, pasua ganda la katikati ya shina kuu. Mbegu ikiwa imegeuka rangi na ni ngumu, huwezi kuiponda kati ya kidole gumba na cha shahada, kata kesho alfajiri. Yale maganda ya juu yaliyo kijani yatakomalia kwenye fungu. Kazi iishe kabla ya saa tatu asubuhi, umande ukiwa umelegeza maganda. Mchana kila tawi unalogusa linamwaga.

Kata kwa mundu, usitupe. Laza mimea taratibu juu ya turubai lililo pale pale shambani, vichwa vikiangalia katikati, kisha vuta turubai zima hadi uwanjani. Turubai lishonwe matundu kabla. Tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti linatosha kupoteza kilo kadhaa kwa siku, na kwenye vumbi jekundu huwezi kuziokota. Baada ya siku nne hadi saba za jua, piga kwa fimbo nyepesi. Usikanyagishe trekta wala ng'ombe: mbegu iliyopasuka inashuka bei na kuharibika haraka.

Kusafisha ni kwa chekeche mbili. Ya juu yenye matundu ya milimita 2.5 kwa haradali ya kahawia hupitisha mbegu na kuzuia vipande vya maganda. Ya chini yenye tundu la milimita 1 hudondosha vumbi na kubakiza mbegu. Mawe madogo yenye ukubwa sawa na mbegu hupita chekeche zote, na ungo hausaidii sana. Tumia ubao laini uliofunikwa kwa kitambaa, uuinue upande mmoja kidogo, umimine mbegu juu kidogo kidogo. Haradali ni mviringo, inabingirika hadi chini; kijiwe chenye kona kinabaki juu. Ni kazi ya polepole, na ndiyo inayotenganisha mzigo wa bei na mzigo wa kubembeleza.

Gunia lina joto, au harufu ya uvundo

Ingiza mkono hadi kiwiko katikati ya gunia. Likiwa na joto kuliko nje, mwaga leo, si kesho. Haradali hupakana kwa kubana kuliko mahindi, hewa haipiti, na mafuta yake huanza kuoza kimya kimya. Unyevu salama ni asilimia 9; kwenye 10 uko ukingoni. Jaribio la chumvi kwenye chupa, ambalo wengi hulitumia kwa mahindi, hapa halitoshi. Chumvi ikishikamana na kioo ujue unyevu umepita 15, lakini isiposhikamana haina maana uko kwenye 9. Tafuta kipima unyevu kwenye ghala la AMCOS (ushirika wa wakulima) au kwa mfanyabiashara.

Anika kwa tabaka la sentimita 2, sio zaidi, ukigeuza kila nusu saa. Usikaushe kwa moto wala juu ya bati lenye joto kali, kwa sababu utaua kimeng'enya kinacholeta ukali, na mbegu ya kupanda haitaota. Viroba vya kusuka vyenye macho mapana huvujisha. Weka mfuko wa plastiki ndani, ila mbegu ziwe zimekauka kweli. Ghalani, juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani.

Mnunuzi anakataa mzigo

Kwanza jua nani ananunua nini. Wauza viungo na watengeneza achari wanataka ya kahawia, ndogo, ya rangi moja. Viwanda vya haradali ya chupa huhitaji zaidi ya njano. Hapa kwetu haradali si kama alizeti yenye mashine ya kukamua kila mji wa Singida na Kongwa: mnunuzi apatikane kabla ya kupanda, kwa maandishi yanayotaja aina, usafi na unyevu. Na usijaribu kukamulia kwenye mashine ya alizeti ya jirani. Ukali utaingia kwenye mafuta yake ya siku hiyo, na mashudu ya haradali si chakula cha kuku.

Akisema "haina ukali", mthibitishie hapo hapo. Ponda kijiko kimoja cha mbegu, ongeza vijiko viwili vya maji ya baridi, funika dakika kumi. Haradali ya kahawia iliyo nzima itapanda puani. Isipopanda, ilichomwa na joto. Akitumia maji ya moto jaribio limeharibika, mwambie arudie.

Sasa jambo lililo zito kuliko yote hapa. Kuna gugu la miiba, majani yenye mabaka meupe kama ya marumaru, ua la njano, na ukivunja shina unatoka utomvu wa njano. Linaota kandokando ya barabara na kwenye mashamba ya Dodoma na Singida, na jina lake la kitaalamu ni Argemone mexicana. Ganda lake lenye miiba hufunguka juu na kumwaga mamia ya mbegu nyeusi zenye ukubwa ule ule wa haradali. Mbegu hizo zina sumu. Mwaka 1998 jijini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na ya gugu hili yalisababisha ugonjwa wa kuvimba mwili na kushindwa kwa moyo, na zaidi ya watu 60 walikufa.

Chekeche haliwezi kuitoa. Mimina kijiko cha mzigo kwenye kiganja, upeleke juani. Haradali ni laini, inang'aa kidogo. Ya gugu ni nyeusi, ngozi yake ina mikwaruzo kama wavu mdogo, na ina ncha upande mmoja. Ukiwa na shaka, iponde kwa ukucha: haradali ndani ni njano, gugu ndani ni nyeupe. Ukikuta hata moja kwenye vijiko kumi, usiuze kwa chakula na usikamue. Gunia hilo lisichanganywe na jingine. Kinga iko shambani tu: ng'oa gugu hilo kwa glavu au mfuko mkononi kabla halijachanua, na pita tena wiki moja kabla ya kukata, kila mstari, pamoja na ukingo wa mita tano. Lililokwisha fanya ganda libebwe kwenye mfuko na kuchomwa, lisiachwe limelala shambani.

Magunia nayo yachunguzwe. Gunia lililobeba ufuta au mbolea lisibebe haradali. Haradali na ufuta vyote vimo kwenye orodha za nchi nyingi za vyakula vinavyodhuru wenye mzio, na kiwanda kikikuta mchanganyiko kinarudisha lori zima. Mzigo wa kwenda nje ya nchi huhitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, kinachoombwa kabla ya kupakia.

Akitaka kununua kwa debe, kataa. Debe la lita 20 la haradali huwa na kilo 13 hadi 14 na ushee kutegemea ukavu na aina, na kila linapotikiswa linashuka na kuongezwa. Uza kwa kilo, mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Toa sampuli kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia la kumi, changanya, gawanya mara mbili kwenye mifuko iliyofungwa, mwandike tarehe na msaini wote wawili. Mmoja achukue mnunuzi, mwingine ubaki nao mpaka malipo yaingie.